Michezo elfu tatu, namba ileile: sataranji na siri ya kupanda kiwango

Siku hizi sataranji imehamia kwenye simu. Kijana anacheza ndani ya daladala, anacheza kwenye foleni ya benki, anacheza kitandani taa zimezimwa, na mwaka ukiisha programu inamhesabia michezo 3,000. Namba yake ya kiwango iko palepale. Mzazi anaanza kuuliza kama mtoto hana kipaji. Rafiki anamshauri atafute kocha. Naye mwenyewe ana lake: kwenye simu anasoma 1500, mbona alipojiandikisha kwenye mashindano ya kweli aliambiwa hana namba kabisa?

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko iko humo.

Sataranji, ambayo wengi tunaiita chesi, huchezwa kwenye ubao wa miraba 64. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane ambao kamusi huwaita vitunda. Wachezaji huzipa kete bei ili kujua nani amepata hasara zinapoliwa: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei kwa sababu haliwi. Akishambuliwa ni cheki. Akishambuliwa na kukawa hakuna namna ya kumwokoa ni chekimeti, na mchezo umekwisha. Mcheza drafti asidhani kwamba ameshafika nusu ya safari. Drafti hukulazimisha kula. Sataranji hukuachia uamuzi, na wageni wengi kutoka drafti huanza kwa kula kila wanachokiona, kisha wanashangaa malkia wao ameenda wapi.

Reitingi ni namba inayokadiria nguvu ya mchezaji. Injini ni programu inayochambua michezo kwa nguvu kuliko binadamu yeyote; inayojulikana zaidi ni Stockfish, nayo ni ya bure. Zoezi ni kazi unayoifanya ili kurekebisha kosa fulani. Neno hili la mwisho ndilo linalochanganywa na kucheza, na tutalirudia.

Namba inapima nini

Mfumo wa reitingi ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani. Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, liliupokea mwaka 1970. Hesabu yake haiulizi kama unacheza vizuri. Inauliza: ukikutana na mtu fulani, unatarajiwa kupata pointi ngapi? Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu. Mkiwa mmepishana namba 200, mwenye namba kubwa anatarajiwa kuchukua takriban pointi 76 katika michezo 100.

Chukua mchezaji mpya mwenye 1500 aliyekutana na mwenye 1700. Anatarajiwa kupata 0.24 ya pointi. Kwa wachezaji wapya ambao hawajamaliza michezo 30, FIDE huzidisha tofauti kati ya alichopata na alichotarajiwa kupata kwa 40. Akishinda anapanda namba 30 hivi. Akitoka sare anapanda 10. Akifungwa anashuka chini ya 10 tu. Ndiyo maana kumkwepa mwenye nguvu ili kulinda namba ni hesabu mbovu: anayekuzidi kwa 200 ana mengi ya kupoteza kuliko wewe.

Sasa, kwa nini 1500 ya simu haihesabiki mezani? Fikiria shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania: jina moja, thamani mbili. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, humpa kila anayejiunga 1500 ya kuanzia, kisha humpandisha au kumshusha. Chess.com, tovuti nyingine ya aina hiyo, humuuliza mtu mwenyewe yuko ngazi gani, na namba ya kuanzia hutokana na jibu lake. FIDE haimpi mtu namba yoyote mpaka awe amecheza angalau michezo 5 mezani na watu wenye reitingi, katika mashindano yaliyosajiliwa. Tena tangu Machi 2024 namba ya chini kabisa ya FIDE ni 1400. Kabla ya hapo ilikuwa 1000. Wachezaji walio chini ya 2000 walipandishwa wote kwa mkupuo siku ile, kwa hiyo ukiona mtu aliyekuwa 1000 amelala akaamka 1400, hakupata mwalimu wa miujiza.

Hapo hapo tuuondoe mkanganyiko mwingine, wa vyeo. Magazeti yetu humwita "grandmaster" karibu kila bingwa wa wilaya. Cheo hicho kina masharti: reitingi ifike 2500, na mchezaji atimize viwango maalumu, kwa kawaida katika mashindano matatu, akicheza kama mtu wa 2600 mbele ya wapinzani wenye vyeo, wakiwemo wa kutoka nchi nyingine. Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kukipata ni Amon Simutowe wa Zambia, mwaka 2009. Chini yake kuna vyeo vya 2400, 2300 na 2200, na vya wanawake vinavyoanzia 2000. Kuna pia njia ya mkato iliyo halali: Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, alipata cheo chake cha Woman Candidate Master kutokana na pointi alizochukua kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, wala haikuhitajika afikishe 2000 kwanza. Cheo na reitingi ni ndugu, lakini si pacha.

Jambo la mwisho kuhusu namba. Ukiwashinda mfululizo watu watatu wa kiwango chako, kwa kizidisho kile cha 40 umepanda 60. Ukifungwa mara tatu, zimeondoka. Hukujifunza kitu, wala hukusahau kitu. Mwenye kuitazama namba kila usiku anajichosha. Isome baada ya michezo 30.

Kucheza si zoezi

Dereva anaweza kuendesha miaka ishirini huku akikata kona vibaya ileile. Kilomita hazimsahihishi, zinamzoesha. Michezo 3,000 ya dakika tatu tatu hufanya kazi hiyohiyo. Kosa linatokea, mchezo unaisha, kidole kinabonyeza "mchezo mpya", na hakuna aliyelitazama.

Kinachoongezeka mtu anapopanda kiwango hasa ni kitu gani? Wengi hudhani ni uwezo wa kuona hatua kumi mbele. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji kete ubaoni kwa sekunde chache, kisha wakawaomba wazipange tena kwa kumbukumbu. Kete zilipotoka kwenye mchezo halisi, bingwa alizirudisha nyingi sana kuliko mwanagenzi. Zilipomwagwa ovyo, ubora wake karibu wote ulitoweka. Kumbukumbu yake haikuwa ya ajabu. Alikuwa anasoma maneno pale mwenzake alipoona herufi. Jaribu mwenyewe: zawnam ni herufi sita za kukariri, Mwanza ni neno moja, na herufi ni zilezile. Mazoezi ya sataranji ni kuongeza msamiati wa aina hiyo, pamoja na tabia ya kukagua kabla ya kuinua mkono.

Tuangalie kwa karibu. Safu za ubao zinaitwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na mistari kwa namba 1 hadi 8 kutoka upande wake. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi anajibu e5. Mweupe anamtoa malkia mapema hadi h5, ule mtego wa watoto wa shule. Mweusi anatoa farasi c6 kulinda askari wake wa e5. Mweupe anamweka askofu c4. Sasa malkia na askofu wote wanaitazama f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Mweusi asiyejiuliza lolote humtoa farasi wa pili hadi f6, akifurahi kwamba amemtishia malkia. Malkia anakula f7, chekimeti, hatua ya nne.

Jibu zuri lilikuwa askari g6: linamtishia malkia na kuziba njia yake. Malkia akirudi f3 kutafuta f7 tena, farasi f6 anaziba, na mweusi sasa ametoa farasi wawili huku malkia mweupe amesogea mara mbili bila faida. Mtu aliyekariri tu kwamba "malkia akija h5 jibu ni g6" atacheza g6 mapema, hatua ya pili, kabla farasi hajaingia c6. Malkia anakula e5 kwa cheki, na kwa kuwa g7 imeachwa wazi, kutoka e5 anaitazama pia ngome ya h8 pembeni kabisa. Mfalme anaokolewa, ngome inaliwa. Hatua ileile, g6, ni dawa katika hatua ya tatu na sumu katika ya pili. Kukariri bila kuuliza "sasa hivi anatishia nini?" hufika mwisho haraka sana.

Swali hilo, anatishia nini, ndilo zoezi la kwanza na la bei rahisi kuliko yote. Kabla ya kusogeza, angalia cheki zote za mpinzani, kisha vyote anavyoweza kula, kisha vitisho vyake. Halafu rudia kwa upande wako. Mwanzoni inachukua nusu dakika kila hatua na inachosha. Kwa dakika tatu za mchezo mzima haiwezekani kabisa, na hapo ndipo ubaya wa michezo ya haraka ulipo kwa anayejifunza: haimpi nafasi ya kujenga tabia. FIDE huhesabu mchezo wa dakika 10 au pungufu kwa kila mchezaji kuwa ni wa kasi sana, ule wanaouita blitz. Cheza hiyo Jumapili kwa kujifurahisha. Mchezo wa kujifunzia uwe na dakika 30 kwa kila upande, au 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kila hatua.

Saa tano za wiki

Mwenye shule au kazi anaweza kupata saa tano kwa wiki, na zinatosha kumsogeza mtu wa ngazi za chini. Mgawanyo unaofanya kazi: mafumbo dakika 20 kwa siku, siku sita, michezo miwili mirefu, saa moja kila mmoja, na nusu saa ya kuuchambua kila mchezo baada ya kuisha. Siku ya saba pumzika.

Mafumbo ni picha za mchezo ambapo kuna hatua moja bora ya kutafuta. Yanafundisha mbinu chache zinazojirudia: farasi kushambulia kete mbili kwa wakati mmoja, kete kufungwa kwa sababu ikisogea iliyo nyuma yake italiwa, na mshikaki, ambapo kete kubwa ya mbele inalazimika kukimbia na ya nyuma inachomwa. Kosa la kawaida ni kubahatisha. Mtu anaona cheki, anabonyeza, anakosea, anabonyeza nyingine. Hiyo ni kamari. Zuia kidole mpaka umeona majibu ya mpinzani hadi mwisho, na ulilokosa liandike, urudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Na ujue kasoro ya mafumbo yenyewe: fumbo linakuambia kuna kitu cha kutafuta, lakini mchezoni hakuna atakayekugusa bega. Ndiyo maana michezo mirefu haiwezi kuachwa.

Uchambuzi ndio sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Mchezo ukiisha, fungua daftari kabla ya kufungua injini. Pitia hatua kwa hatua, uandike pale ulipoona mambo yamegeuka na ulikuwa unafikiria nini. Baada ya hapo washa injini, ulinganishe. Injini ikitangulia, inakuonyesha +2.4, maana yake mweupe yuko mbele kwa thamani ya askari wawili na ushee, nawe unatikisa kichwa kana kwamba umeelewa. Inakwambia hatua ipi. Kwa nini hukuiona ni lako kutafuta.

Kila kosa lipe aina yake. Moja, sikuona kete yangu inaliwa bure. Mbili, niliona lakini nikahesabu vibaya. Tatu, sikujua la kufanya nikasogeza chochote. Nne, saa iliniishia. Baada ya michezo 20 hesabu. Kwa mtu wa ngazi za chini aina ya kwanza mara nyingi hufunika zilizobaki zote, na hiyo inajibu swali la kama anunue kozi ya namna za kufungua mchezo. Asinunue. Anayepoteza ngome hatua ya 14 hakuangushwa na hatua ya tatu.

Mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, unastahili heshima zaidi ya inayopewa. Ni aibu ya kweli kuwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu kisha kumbana mpaka hana pa kwenda wala hayuko kwenye cheki: hiyo ni sare, na hutokea kila mashindano ya shule. Malkia na mfalme huhitaji hatua zisizozidi 10 kumaliza kazi ukicheza sawasawa. Ngome na mfalme, zisizozidi 16. Fanya zoezi dhidi ya injini mpaka umalize kila mara bila kusita. Kisha jifunze jambo moja la mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, pale unapotaka askari afike mwisho wa ubao awe malkia: mfalme wako akiwa mbele ya askari wake na amefika mstari wa 6 kutoka upande wako, umeshinda hata zamu ikiwa ya nani, isipokuwa askari akiwa wa pembeni, safu ya a au h. Wengi humtanguliza askari na kumwacha mfalme nyuma, na ushindi unageuka sare.

Kocha anafanya nini, na hafanyi nini

Kocha hauzi namba. Kazi yake ni kuona kosa lako linalojirudia ambalo wewe umelizoea kama harufu ya nyumba yako. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia aliyekuja kuwalea Karpov, Kasparov na Kramnik, nao mabingwa wa dunia wa baadaye, katika shule yake, aliwataka wanafunzi wachambue michezo yao wenyewe kwa ukali. Somo zuri mpaka leo lina sura hiyo: mwanafunzi analeta michezo miwili aliyokwisha kuiandikia maelezo, kocha anauliza "hapa ulifikiria nini?", na mwanafunzi ndiye anayeongea zaidi. Ukiona kocha anazungumza saa nzima, au kila wiki anakuonyesha michezo yake aliyoshinda, unalipia burudani.

Reitingi kubwa si cheti cha ualimu. FIDE ina vyeo vya makocha vya peke yake, kuanzia Developmental Instructor hadi FIDE Senior Trainer, na inafaa kuuliza. Kwa anayeanza, mtu mwenye subira anayemzidi kiasi anatosha kabisa, na darasa la watoto sita wenye mbao tatu linaweza kumfaa kuliko somo la peke yake, kwa sababu anapata wapinzani. Saa moja kila wiki mbili yenye kazi ya nyumbani ina maana kuliko saa mbili kila wiki zisizo na kazi yoyote kati yake. Kama kazi ya nyumbani haifanywi, pumzisheni malipo kwanza.

Vipi kipaji? Kipo. Utafiti wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli kwa wachezaji wa Argentina ulikuta mmoja alifika ngazi ya umasta kwa saa zipatazo 3,000 za kazi, na mwingine zilimchukua zaidi ya 23,000. Tofauti hiyo haifichiki. Ila kati ya anayeanza na kiwango cha mchezaji hodari wa klabu, kinachowazuia wengi ni kete zinazoachwa bure, na hilo halihitaji kipaji kulirekebisha.

Wazazi nao huambiwa kwamba sataranji itapandisha alama za hesabu. Uingereza walilipima kwa shule 100 za msingi, watoto wakipewa masomo 30 ya saa moja, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Mwaka mmoja baada ya masomo hayo, alama zao za hesabu hazikuwa bora kuliko za wenzao. Mpeleke mtoto kwa sababu anaupenda mchezo.

Mkishaanza na kocha, jipeni miezi mitatu, kisha fungueni daftari kabla ya kufungua reitingi. Kama kete zilizoachwa bure zilikuwa 30 katika michezo 20 ya kwanza na katika 20 ya mwisho ni 12, mafunzo yanafanya kazi hata namba ikiwa imeshuka 40. Zikiwa bado 30, badilisheni ratiba: punguzeni mafumbo, ongezeni muda wa saa kwenye michezo. Na zikigoma tena miezi mitatu mingine, badilisheni kocha.